Kuziba Ufa, Kujenga Ukuta: Mitego ya Mawe ya Kuvulia Samaki na Swali la Umri Wake



1. Utangulizi

Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji ya bahari kushuka na kuiacha ardhi wazi, likaongezwa kiambishi cha mahali -ni. Pwani, kwa asili ya neno lenyewe, ni mahali panapopwa maji. Jina Swahili nalo limetoka katika Kiarabu, sawahil, ambalo ni wingi wa sahil, na maana yake vilevile ni pwani. Hata hivyo, maneno haya mawili hayautazami ufuko kutoka upande mmoja. Sawahil ni ukingo wa nchi kama unavyoonwa na msafiri aliyemo chomboni. Pwani ni ardhi kama inavyofahamika kwa mtu aliyesimama juu yake, anayesubiri maji yatoke ili ashuke kuvua, kuokota kome au kukagua mtego wake.

Mhadhara huu unahusu vitu vilivyojengwa katika ardhi hiyo ya pili, ardhi ambayo ni bahari kwa saa kadhaa na ni nchi kavu kwa saa nyingine. Vitu hivyo ni kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa wala saruji ili maji yakijaa samaki waingie, na yakipwa wabaki. Kuta za namna hii zimejengwa katika mabara mbalimbali. Mfano mkuu utakaotazamwa hapa ni wa Stilbaai, mji mdogo ulio kwenye mlango wa mto Goukou, pwani ya kusini ya Jimbo la Rasi Magharibi nchini Afrika Kusini, baina ya rasi ya Agulhas na mji wa Mossel Bay. Swali linaloulizwa ni hili: ukuta unaorekebishwa kila msimu una umri gani, na sifa ya kuujenga ni ya nani?

Huenda mtu akahoji swali hili linahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili. Jibu ni kwamba historia ya Waswahili nayo imebishaniwa kwa miongo mingi mbele ya kuta za mawe, na hoja zilizotumiwa kuwapa au kuwanyima Waswahili sifa ya kuta zao zinafanana sana na hoja zilizotumiwa huko Rasi. Aidha, lugha ya Kiswahili ina hazina ya maneno ya maji na mitego ambayo inasaidia kulifafanua tatizo lenyewe.

2. Ukuta unavyofanya kazi

Mtego wa mawe hauna siri kubwa katika umbo lake. Wajenzi huchagua ghuba ndogo yenye miamba, mahali ambapo maji hujaa na kupwa bila kupigwa na wimbi la moja kwa moja. Huondoa mawe yaliyotapakaa katikati ya ghuba na kuyapanga ukingoni, hivi kwamba kazi moja hutimiza mambo mawili: sakafu ya mtego husafishwa, na ukuta hupata mawe. Ukuta hupindwa kama upinde, ncha zake mbili zikishikamana na mwamba wa asili au na ukuta wa mtego wa jirani. Upande unaotazama bahari hulazwa kama mteremko ili wimbi lipande juu yake na kupoteza nguvu. Upande wa ndani husimamishwa wima zaidi ili samaki asipate njia rahisi ya kutokea. Mgongo wa ukuta husawazishwa, maana pakiwa na sehemu moja iliyo chini kuliko nyingine, maji ya mwisho yatatokea hapo, na samaki nao watatokea hapo.

Jambo la msingi ni kimo. Maji yakijaa ni lazima yaufunike ukuta kwa kiasi cha kumwezesha samaki kupita juu yake. Yakipwa ni lazima ukuta uchomoze kabla samaki hajashtuka. Katika pwani ya kusini ya Rasi, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua ni takriban mita 2. Katika pwani ya Afrika Mashariki tofauti hiyo hufikia kati ya mita 3 na 4. Kwa hiyo nafasi ya kufanyia kazi huko Stilbaai ni finyu, na ukuta uliokosewa kimo kwa nusu mita ni lundo la mawe tu.

Maji hayatoki mtegoni kwa kupita juu peke yake. Huchuja pia katikati ya mawe, na ndiyo maana hapatumiwi chokaa. Ukuta usiopitisha maji ungefanya bwawa la kudumu ambalo samaki angelikaa humo salama hadi maji yajae tena. Ukuta unaovuja mno nao hauna faida. Ujuzi wa mjenzi umo katika kuujua mvujo unaofaa.

Samaki anayetarajiwa zaidi Stilbaai ni yule ambaye wenyeji humwita kwa Kiafrikana harder, wa jamii ya mkizi. Mkizi huyafuata maji yanayojaa hadi kwenye vina vifupi kutafuta chakula juu ya miamba na tope, na hurudi nayo yanapotoka. Waswahili wanamfahamu kwa tabia yake ya kuruka, na methali isemayo kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi imetokana na tabia hiyo. Mtego wa mawe hauhitaji hasira zake. Unahitaji tu kwamba achelewe kidogo kuondoka.

3. Kuzuru mitego

Mgeni anayefika Noordkapperspunt, karibu na mji wa Stilbaai, wakati wa maji kujaa, haoni kitu. Mbele yake ni bahari na mistari ya povu. Akifika wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo mwezi ni nusu na bahari haijai sana wala haipwi sana, ataona migongo ya kuta ikichungulia hapa na pale. Ili aone mitego kama ilivyo ni lazima afike wakati wa kupwa kwa bamvua. Hapo ndipo ghuba nzima hufunuka, na mabwawa huonekana yamepangana, kuta zikiwa zimeegemeana kama vyumba vya nyumba moja isiyo na paa.

Jambo hili ambalo watalii huliona kuwa usumbufu lina somo ndani yake. Bamvua hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu. Katika pwani ile, kupwa kwa bamvua huangukia karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kila siku ipitayo maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Mvuvi wa Kiswahili hahitaji jedwali kulijua hilo. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu ni ya mwezi, tarehe yenyewe humwambia hali ya maji: mwanzoni na katikati ya mwezi ni bamvua, karibu na tarehe 7 au 8, na tena tarehe 22 au 23, ni maji mafu. Kalenda ya jua, ambayo ndiyo ya ofisi na shule, haina habari ya bahari. Watu wa pwani waliohesabu siku zao kwa mwezi walikuwa na jedwali la maji vichwani mwao.

Aliye makini atatambua pia kwamba mitego haifanani kwa hali. Baadhi ina kuta zilizonyooka na sakafu safi. Mingine imebaki alama ya upinde tu, mawe yakiwa yamesambaa na mchanga umejaa ndani. Tofauti hiyo haitokani na umri. Inatokana na utunzaji. Dhoruba moja ya majira ya baridi yaweza kuangusha safu ya juu ya ukuta mzima, na mtego ulioachwa kwa miaka michache huanza kurudi katika hali ya ufuko wa kawaida. Hata mguu wa mgeni anayetembea juu ya mgongo wa ukuta ili apige picha hulegeza mawe ambayo hayashikwi na kitu chochote ila uzito wao. Mtego unaoonekana mzima leo umerekebishwa na mtu hivi karibuni.

4. Mabishano juu ya umri

Kwa Kiafrikana mitego hii huitwa visvywers, maana yake mabwawa ya samaki. Neno vywer ni la asili ya Kiholanzi, vijver, nalo limetoka katika Kilatini, vivarium, mahali pa kuwekea viumbe hai. Kwa jina hili peke yake mtu angeweza kudai kwamba walowezi ndio walioileta mitego. Dai hilo lingekuwa dhaifu. Jina huonyesha nani aliyeita; halionyeshi nani aliyejenga. Neno nanga katika Kiswahili limetoka katika Kiajemi, lakini hakuna anayeweza kusema kwa sababu hiyo kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakujua kuegesha vyombo kabla hawajakutana na Waajemi.

Mwaka 1946, mwanaakiolojia John Goodwin alichapisha katika jarida la Antiquity makala kuhusu njia za kale za uvuvi Afrika Kusini, na mitego ya mawe ikaingizwa katika mjadala wa kitaaluma kuwa kazi ya watu wa kabla ya historia ya maandishi. Mwaka 1975, Graham Avery aliandika katika jarida la akiolojia la Afrika Kusini mjadala mahsusi juu ya umri na matumizi ya mitego hiyo. Kwa muda mrefu wageni wakawa wanaelezwa kwamba mitego ni kazi ya mababu wa Wakhoekhoe na Wasan, na kwamba umri wake ni maelfu ya miaka.

Maelezo hayo yalikuwa na mvuto wa haki. Wakhoekhoe na Wasan walinyang'anywa ardhi, malisho na ufuko, na maandishi ya kikoloni yakawachora kama watu wasiojenga kitu chochote. Ukuta wa mawe uliopimwa kwa akili, kwa kufuata mwezi na wimbi, ulikuwa jibu zuri kwa dharau hiyo.

Mwaka 2010, Philip Hine, Judith Sealy, David Halkett na Timothy Hart walichapisha makala iliyoupitia upya ushahidi. Walihitimisha kwamba hakuna uthibitisho imara wa kuihusisha mitego inayoonekana leo na nyakati za kabla ya ukoloni, na kwamba ujenzi na matumizi yanayoweza kuthibitishwa ni ya nyakati za karibuni. Miongoni mwa hoja zinazohusika ni ile ya mifupa. Pwani ile ina majaa mengi ya kale, yaani malundo ya makombe na mifupa yaliyoachwa na watu waliokula vyakula vya bahari kwa karne nyingi. Iwapo watu hao walitumia mitego ya kunasa makundi ya mkizi, ingetarajiwa mifupa ya mkizi iwe mingi katika majaa yaliyo jirani na mitego.

Ugumu wa mabishano haya unatokana na asili ya kitu chenyewe. Jiwe la ufukoni haliwezi kupimwa umri wa kupangwa kwake. Umri wa jiwe ni wa mamilioni ya miaka. Umri wa ukuta ni wa tendo la mkono ulioliweka hapo, na tendo hilo haliachi alama juu ya jiwe. Usawa wa bahari husaidia kidogo. Takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati wa zama za barafu, bahari ilikuwa chini ya usawa wa sasa kwa kiasi cha mita 120, na ilikaribia usawa wa leo takriban miaka 7,000 iliyopita. Kwa kuwa mtego hufanya kazi katika kimo kifinyu tu, ukuta wowote unaofaa leo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Lakini kikomo hiki kinasema mtego haukuweza kuwapo kabla ya lini. Hakisemi ulijengwa lini.

Aidha, kuna tatizo la kina zaidi. Waswahili husema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huchukulia kwamba kuziba na kujenga ni kazi mbili tofauti, moja ndogo na ya mapema, nyingine kubwa na ya kuchelewa. Katika mtego wa mawe kazi hizo mbili haziachani. Mvuvi anayerudisha mawe kumi yaliyoanguka baada ya kila dhoruba atakuwa, baada ya miaka thelathini, ameushika karibu kila jiwe la ukuta wake. Mwanawe atafanya hivyohivyo. Ukuta utakuwa palepale, kwa umbo lilelile, ilhali hakuna jiwe lililobaki mahali alipoliweka mjenzi wa kwanza. Mtu akiuliza ukuta huo ni wa lini, anastahili kuulizwa kwanza: ni ukuta upi anaoukusudia, umbo au mawe?

5. Jiwe, mti na neno

Ushahidi wa mitego ya kale ya maji yapwayo huja kwa njia tatu, na kila njia ina upungufu wake.

Njia ya kwanza ni jiwe, ambalo hudumu lakini halisemi umri wake. Njia ya pili ni mti. Katika bandari ya Comox, pwani ya magharibi ya Kanada, yamekutwa mabaki ya mitego ya fito, vigingi vyake vikiwa vimezama katika tope kwa idadi inayozidi 100,000. Kwa kuwa mti ulikuwa kiumbe hai, umri wake huweza kupimwa kwa njia ya kaboni, na vigingi vya kale zaidi vimeonekana kuwa vya takriban miaka 1,300 iliyopita. Hapo pana kinyume cha matarajio: kigingi kinachooza kimeacha tarehe, na jiwe lisilooza halikuacha. Tope lililokifunika kigingi kisipate hewa ndilo lililokihifadhi.

Njia ya tatu ni neno. Katikati ya karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Katika maelezo ya pwani ya Afrika Mashariki anakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wamekihusisha ama na Pemba, ama Unguja, ama Mafia. Anaeleza kwamba wenyeji wana vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba wana namna yao ya pekee ya kuvua: huweka vyombo vya kusukwa katika milango ya mikondo, kwenye mawimbi. Bila shaka hiyo ni habari ya mtego unaotegemea mwendo wa maji. Kwa pwani ya Waswahili, kwa hiyo, ushahidi wa maandishi una umri wa karibu miaka 2,000, ilhali vyombo vyenyewe vya kusukwa vimekwisha kuoza.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua familia ya vifaa hivyo mara moja. Dema, au lema kwa baadhi ya lahaja, husukwa na kutegwa majini hadi leo. Uzio ni kiunzi cha fito zilizofungwa pamoja na kusimamishwa katika maji mafupi ili kumzuia samaki maji yanapopwa. Baadhi ya wavuvi huuita wando. Kanuni yake ni ileile ya ukuta wa Stilbaai: kumruhusu samaki kuingia na maji na kumzuia kutoka nayo. Tofauti ni kwamba fito hufungwa, hufunguliwa na kuhamishwa, ilhali mawe hukaa. Mwenye uzio akiona samaki wamehama huuhamisha. Mwenye ukuta hana budi kungoja.

Ni vyema pia kulitazama neno uzio lilivyosafiri. Mkazi wa mjini leo akisikia uzio hufikiri ukuta wa matofali unaozunguka nyumba, wenye lango la chuma na pengine nyaya za umeme juu yake. Kamusi zinahifadhi maana zote mbili, ya mtego na ya ua, lakini katika vinywa vya watu wengi maana ya uvuvi imekwisha kuzama. Neno limebaki na umbo lake huku yaliyomo yakibadilishwa kidogokidogo, kama ukuta uliorudishiwa mawe na mikono mingi. Mtaalamu wa lugha anayeuliza neno hili lina umri gani anakabiliwa na swali lilelile la mwanaakiolojia wa Stilbaai.

6. Ukuta na sifa

Wanafunzi wa historia ya Waswahili wanakumbuka mabishano kama haya katika nchi yao wenyewe. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliweka mkazo mkubwa juu ya wageni kutoka ng'ambo katika kueleza asili ya miji ya mawe. Hoja ilikuwa rahisi: ujenzi wa mawe uliofanana na wa nchi za Kiislamu ulichukuliwa kuwa alama ya watu waliotoka huko.

Uchimbaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, uliofanywa na Mark Horton katika miaka ya 1980 na kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 1996, uliibadili picha hiyo. Chini ya msikiti wa mawe palikutwa mfululizo wa majengo ya awali zaidi, moja juu ya jingine, ya mwanzo kabisa yakiwa madogo na ya miti, ya karne ya 8. Matundu ya nguzo zilizooza ndiyo yaliyotoa ushahidi. Mji wa mawe ulikuwa umekua polepole kutoka katika mji wa miti na udongo, mahali palepale, mikononi mwa watu walioendelea kuishi hapo. Nani alijenga Shanga? Waliokuwa wakiijenga upya, kizazi baada ya kizazi.

Kuna tofauti moja muhimu baina ya Shanga na Stilbaai. Shanga ushahidi mpya uliwaongezea wenyeji sifa. Stilbaai ushahidi mpya umeonekana kuipunguza. Ni rahisi kuipokea taaluma inapoleta habari njema, na mtihani wake huja inapoleta habari ngumu. Heshima ya Wakhoekhoe na Wasan haihitaji kubebwa na tarehe ambayo ushahidi hauibebi. Pwani hiyohiyo, si mbali na Stilbaai, ina pango la Blombos, ambamo zimepatikana vipande vya udongo mwekundu wa ngeu vilivyochorwa mistari ya makusudi takriban miaka 75,000 iliyopita. Ukale wa kazi ya binadamu katika ardhi ile hauna shaka. Kinachobishaniwa ni kuta hizi tu.

Kwa upande mwingine, kukosekana kwa uthibitisho kusigeuzwe kuwa uthibitisho wa kinyume. Mtego wa mawe ulioachwa hutawanyika, na mtego unaotumika hufuta historia yake kwa kurekebishwa. Kwa hiyo kauli sahihi ni ya kiasi: kuta zilizopo zinaweza kuthibitishwa kuwa kazi ya vizazi vya karibuni, na lililokuwapo kabla yao, kama lilikuwapo, haliwezi kusomwa kutoka katika mawe yenyewe. Kauli hiyo haipendezi kwenye bango la watalii. Ina manufaa nyingine, nayo ni kuwaonyesha watu ambao hadithi ya maelfu ya miaka iliwafunika: wavuvi, wakulima na vibarua wa karne za karibuni walioingia katika maji baridi usiku na kuyainua mawe.

7. Utunzaji na sheria

Katika visiwa vya Penghu, katika mlangobahari wa Taiwan, mitego ya mawe iliyoorodheshwa inazidi 500, na kisiwa kidogo cha Jibei kina mingi kuliko kijiji chochote kingine. Imejengwa kwa mawe meusi ya volkano na kwa matumbawe. Mgeni wengi huijua kwa mtego mmoja wa kisiwa cha Qimei wenye umbo la mioyo miwili, unaopigwa picha kila siku. Lenye uzito zaidi kuliko umbo hilo ni utaratibu wa umiliki. Mtego mkubwa ulimilikiwa kwa hisa na kaya kadhaa. Kila mwenye hisa alikuwa na zamu yake ya siku, na samaki wa siku hiyo walikuwa wake. Haki hiyo iliambatana na wajibu: ukuta ukibomoka, wenye hisa wote hutoka kuurekebisha. Mtego ulikuwa ukuta na pia mapatano. Vijana walipohamia mijini na nyavu na boti za mashine zilipoenea, mapatano ndiyo yaliyolegea kwanza, na mawe yakafuata.

Afrika Kusini swali la utunzaji linagusa sheria. Sheria ya Urithi wa Taifa namba 25 ya mwaka 1999 inakataza kubadili au kubomoa jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 60 bila kibali, na mabaki ya kazi ya binadamu yenye zaidi ya miaka 100 huingizwa katika kundi la mambo ya akiolojia. Uvuvi nao unatawaliwa na Sheria ya Rasilimali Hai za Bahari namba 18 ya mwaka 1998, na mwaka 2008 bahari ya Stilbaai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sheria hizi zina sababu njema. Hata hivyo, zikisomwa pamoja mbele ya mtego wa mawe zinaleta utata. Umri wa ukuta unaamua ni kifungu kipi kitatumika. Umri wenyewe hauthibitiki. Na kitu kinacholindwa dhidi ya kuguswa ni kitu kisichoweza kuishi bila kuguswa. Nyumba ya kale ikifungwa kwa miaka kumi itakuwa na vumbi. Mtego wa mawe ukifungwa kwa miaka kumi hautakuwapo.

Hivyo basi, hifadhi ya mtego haiwezi kuwa hifadhi ya mawe peke yake. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni kazi: ruhusa ya kuziba ufa, mtu anayejua mvujo unaofaa, na zamu inayomfanya arudi. Iwapo samaki hawawezi kuchukuliwa kwa sababu wamepungua, basi ukuta waweza kutunzwa na samaki wakaachwa wapite kwenye pengo lililofunguliwa kwa makusudi. Lakini asipokuwapo wa kuutunza, tangazo la urithi litabaki likilinda ufuko wenye mawe yaliyotawanyika.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba swali la umri wa mitego ya mawe, ingawa ni halali, haliwezi kujibiwa vyema likiulizwa peke yake. Ni lazima liambatane na swali la utunzaji: nani alirudisha mawe, kwa haki gani, na kwa ujuzi gani. Mfano wa Stilbaai unaonya dhidi ya kuwapa watu sifa kwa tarehe zisizothibitika, na mfano wa Shanga unaonya dhidi ya kuwanyima.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili pana kazi iliyo karibu zaidi. Mitego mingi ya pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya fito na ya kusukwa. Haikuacha kuta za kuzuru. Kilichobaki ni msamiati wa wanaoitumia: majina ya sehemu za uzio na dema, majina ya hatua za maji toka bamvua hadi maji mafu, majina ya mikondo na milango ya miamba. Msamiati huu haukusanywi vizuri ndani ya chumba. Mvuvi akiulizwa barazani atataja maneno matano. Akiulizwa akiwa amesimama majini, mkono wake ukiwa juu ya ufito uliolegea, atataja ishirini, maana kila neno lina mahali pake pa kuonyeshwa. Wakati wa kwenda ni kupwa kwa bamvua, mwanzoni au katikati ya mwezi, na muda wa kazi ni saa chache kabla maji hayajarudi.